WISKI YA DAKTARI, Sehemu ya Tisa: Mapipa ya Mzee Randa

Akatema.

Ndiyo, msomaji. Ile glasi tuliyoiacha wiki iliyopita ikining'inia mbele ya midomo ya mnunuzi ilifika mdomoni, na yule bwana akaitema wiski ya miaka mitatu kwenye sakafu ya ghala, katikati ya viatu vyake viwili vilivyong'arishwa.

Mnunuzi huyo, anayezinunulia vinywaji hoteli nne kubwa, na ambaye watu humwita Bwana Tai kwa kuwa hajawahi kuonekana bila tai shingoni, alitoa leso akajifuta ulimi. Ulimi, si midomo.

"Daktari," alisema, "humu umetia nini?"

"Shayiri, hamira na maji," Daktari akajibu. Alijisikia akiongea kama mtu aliye chumba cha pili. "Hakuna kingine."

"Kipo kingine."

"Huyu bwana hajui kunywa!" Aliyedakia alikuwa Mzee Randa, baba yake Daktari, aliyesimama kando ya mapipa na shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi ile. "Mwanangu, mpe maji asukutue, aonje tena. Hujui amekula nini huko alikotoka."

"Mzee wangu, hii ni kazi yangu miaka ishirini na miwili."

"Na mimi mapipa haya kumi na sita nimeyatengeneza kwa mikono hii hapa. Hayana kasoro!"

Bwana Tai hakutaka ugomvi na mzee. Alimshika Daktari kiwiko, akamsogeza hadi mlangoni, akashusha sauti.

"Inanuka stoo ya mbao. Ile dawa kali, unaijua. Dada, usimpe mtu mwingine anywe. Nakuomba."

Akaingia kwenye gari lake. Agizo la hoteli nne likaondoka naye.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani, maneno machache. Daktari hajawahi kumtibu mtu hata mafua. Udaktari wake ni wa kemia. Miaka kumi na moja alifanya kazi katika maabara ya kupima maji na vyakula, na sifa yake ilikuwa moja: sumu hata iwe kidogo kama punje ya chumvi ndani ya tangi zima, yeye ataiona. Aliiona mara nyingi. Aliandika ripoti, ripoti zikafungiwa kabatini, na viwanda alivyoviandika vikaendelea kuuza.

Siku moja akasema basi. Akavua koti jeupe, akaandika barua ya kuacha kazi, akatangaza kwamba atatengeneza wiski. Alitaka kitu chake, kitu ambacho mtu atakishika mkononi aseme, hiki kimefanywa na fulani, na kimefanywa vizuri.

Mumewe alicheka, kisha akanuna, kisha akahama. Hayo mliyasoma. Wenzake wa maabara walimwambia amerukwa na akili. Mtu mmoja tu hakucheka, naye ni baba yake, fundi seremala mstaafu. Mzee alikunja mikono ya shati akauliza: "Mapipa unataka mangapi?"

Kulikuwa na siri moja ndogo. Pua ya Daktari ilishakufa. Miaka kumi na moja ya kuvuta hewa ya kemikali ilimwachia pua isiyojua tofauti ya kahawa na sabuni ya kufulia. Joto la mtambo alilipima, nguvu ya kileo aliipima, kila kitu alikipima kwa vyombo. Harufu na ladha alimwachia baba. Kila baada ya miezi mitatu mzee alichovya kijiko ndani ya pipa, akafumba macho, akasema, "Inakuja vizuri, mwanangu. Inakuja."

Naye akaandika kwenye daftari: inakuja vizuri.

Sasa Bwana Tai alipoondoka, Daktari hakulia wala hakupiga kelele. Alichukua vichupa kumi na sita vya kioo, akapita pipa moja moja akichota. Mzee alimfuata nyuma nyuma.

"Unavipeleka wapi?"

"Maabara."

"Kwa wale waliokucheka?"

"Kwa wale wale, baba."

Getini kwa maabara, mlinzi ambaye miaka kumi na moja alimfungulia kabla hajapiga honi, safari hii alimsogezea kitabu cha wageni.

"Jina, namba ya simu, na unayekuja kumwona."

"Mimi hunikumbuki?"

"Nakukumbuka, Daktari," mlinzi akajibu, macho yake yakiwa kwenye kitabu. "Andika tu."

Aliyekwenda kumwona alikuwa binti ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Walimpa jina la Mizani, kwa kuwa hata chumvi ya mboga nyumbani kwake, walisema, lazima aipime. Mizani sasa ndiye mkuu wa kitengo. Alikuwa amekalia kiti cha Daktari, na kile kitambaa alichokifunga Daktari kwenye mguu wa meza ili isiyumbe bado kilikuwapo.

"Dada!" Mizani akainuka. Akaona vichupa. Tabasamu likapungua. "Ni wiski?"

"Nataka uniambie ni nini kimeharibika."

Mashine ilichukua muda wake. Wawili hao walisimama wakitazama mstari ukijichora kwenye skrini, ukipanda na kushuka, kama walivyosimama mara elfu huko nyuma. Mstari wa kwanza ulipokamilika Mizani alisogea karibu, na Daktari akamwona akikunja paji la uso.

"Mtambo wako ni safi," Mizani alisema. "Kileo chako ni safi kuliko vyote nilivyowahi kupima humu ndani. Dada, kazi uliyofanya ni ya ajabu."

Pumzi ikamrudi Daktari. Kwa dakika nzima, msomaji, mama wa watu aliamini ameokoka.

"Lakini hiki hapa," Mizani akaweka kidole kwenye kilele kimoja kirefu upande wa kulia, "hiki hakikutoka kwenye mtambo."

Daktari alikitazama. Hakuhitaji kusomewa. Alikuwa amekutana na kilele hicho mara nne maishani mwake, na mara zote nne aliandika ripoti.

"Dawa ya mchwa," alisema.

"Ile ya zamani. Iliyopigwa marufuku."

"Ni pipa gani hilo?"

"La kwanza."

"Pima mengine."

Mizani akapima la pili, la tatu, la nne. Walipofika la saba Daktari aliketi. Walipofika la kumi na sita jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili, na Mizani alikuwa ameacha kutaja namba.

"Yote?" Daktari akauliza.

"Yote."

"Nikiichuja kwa mkaa? Nikiirudisha mtamboni niichemshe, niikeneke upya?"

Mizani akainamisha uso. "Dada, wewe ndiye uliyenifundisha jibu la swali hilo."

Mashine ikaendelea kuvuma peke yake.

"Basi nitaimwaga," Daktari akasema. "Nitaimwaga mwenyewe, nianze upya. Naomba hizo karatasi."

"Karatasi chukua," Mizani akasema. "Lakini sampuli ikishaingia mashineni imeingia kwenye kumbukumbu. Sumu ikionekana kwenye kitu cha kunywa, taarifa inakwenda kwa wakaguzi siku hiyo hiyo. Huo utaratibu..."

"Niliuandika mimi."

"Uliuandika wewe. Ukapigana miaka miwili hadi wakaupitisha."

"Nitaishikilia hadi Jumatatu," Mizani akanong'ona. "Nitasema mashine ilikuwa na hitilafu. Zaidi ya hapo siwezi, dada. Nina watoto."

Daktari alishukuru. Alipofika mlangoni alisita, akageuka, na swali ambalo aliapa hataliuliza kamwe likamtoka lenyewe.

"Nafasi yangu ile ya zamani..."

"Ilifutwa. Mwezi uleule ulioondoka." Mizani alikuwa anakaribia kulia. "Niliwaambia utarudi. Wakasema mtu wa kuacha sayansi kwenda kupika pombe harudi."

Njiani kurudi, Daktari alikuwa na swali moja tu kichwani: sumu imeingiaje? Mapipa ni ya baba. Mbao alizichagua baba. Basi mwuza mbao ndiye aliyemtapeli mzee wa watu! Hasira ikampa nguvu. Atamtafuta huyo mwuza mbao, atamfikisha mahakamani, atamwonyesha.

Alimkuta baba karakana, nyuma ya ghala, akipiga randa mbao za pipa la kumi na saba. Maranda yalimjaa hadi kwenye nyusi. Hata baada ya matusi yale ya asubuhi, mzee alikuwa anatengeneza pipa jingine.

"Baba, zile mbao. Ulinunua kwa nani?"

"Kwa fundi mwenzangu, marehemu sasa. Mtu mwaminifu kupita kiasi. Mbao kavu, safi, hazina hata fundo. Kwani vipi?"

"Alizitia dawa?"

"Yeye? Hathubutu." Mzee akacheka, akaweka randa chini. Alikuwa na uso wa mtu aliyetunza siri tamu kwa muda mrefu na sasa ameona nafasi ya kuitoa. "Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia?"

"Unakumbuka mbao zilikaa nyuma ya nyumba mwaka mzima zikauke? Wewe ulikuwa unahangaika na vibali, huku mumeo amekuachia nyumba tupu. Siku moja nageuza mbao, naona udongo. Mchwa! Wameshaingia mbao tatu. Nikasema, nikimwambia mwanangu leo, presha itamuua. Nikanyamaza."

"Ukafanya nini, baba?"

"Nikatoa debe langu la zamani. Dawa ya kweli, si hizi maji maji za siku hizi. Nikazipaka mbao zote, moja moja, mbele na nyuma. Zilipokauka nikapaka mara ya pili. Mchwa hakubaki hata wa kuwapelekea wenzake salamu!"

"Zote?"

"Zote. Kisha nikapiga randa, nikaunda mapipa, nikayachoma ndani kwa moto kama ulivyonielekeza. Dawa yote ikaisha." Mzee alijipiga kifuani taratibu. "Bila mimi usingekuwa na pipa hata moja leo. Sikutaka kujisifu. Lakini kwa kuwa umeuliza."

Karatasi za maabara zilikuwa mfukoni mwa Daktari. Alizishika kwa vidole, akazisikia zikikunjamana.

Ni rahisi kwetu, tunaosoma tumekaa, kusema angemwambia. Mwambie wewe. Mwambie mtu mwenye miaka sabini na minne kwamba kazi bora ya maisha yake, aliyoifanya kwa mapenzi na kwa siri, ndiyo iliyomzika mwanawe.

"Wamesemaje hao wa maabara?" mzee akauliza.

"Ni mtambo, baba." Daktari alitazama maranda sakafuni. "Nilikosea joto. Kosa ni langu."

Mzee aliachia pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyekuwa ameibana tangu asubuhi. Kwa hiyo alikuwa na hofu, muda wote ule!

"Nilijua si mapipa," alisema. Akaja, akamwekea mwanawe mkono kichwani kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo. "Pole, mwanangu. Kila mtu hukosea. Utawasha tena mtambo, nami nitakuundia mapipa mengine. Mbao ninazo."

"Sawa, baba."

"Tena mimi sioni ubaya wake. Yule bwana kanitia hasira tu. Mimi nakunywa na wala haijanidhuru."

"Kijiko kimoja kwa miezi mitatu hakiwezi kukudhuru."

"Kijiko?" Mzee akachekea puani. Akainama chini ya meza ya kazi, akatoa kikombe cha bati kilichobonyea upande mmoja. "Kijiko ni mbele yako. Hiki ndicho changu. Kila asubuhi, kabla sijashika msumeno, pipa la nne. Mwaka wa pili huu."

Daktari hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Kila asubuhi?"

"Sasa nikae na mali ya mwanangu nisiijue ladha yake? Mama yako angekuwa hai angenifukuza nyumbani, najua." Alikuwa anatabasamu. "Nakaa hapa peke yangu, nakunywa taratibu, nasema, huyu ndiye mtoto wangu. Ameiva."

Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi, Daktari alimtazama baba yake kama alivyokuwa akiitazama sampuli.

Shati lile jeupe lilikuwa limelowa mgongo mzima, na hewa ya karakana ilikuwa ya baridi. Mkanda wa suruali ulikuwa na matundu matatu mapya, yaliyotobolewa kwa msumari, kila moja ndani zaidi ya jingine. Ndoo ya maji kando ya meza, aliyoijaza Daktari asubuhi, ilikuwa tupu.

Jasho. Kukonda. Kiu isiyokatika. Yote hayo yeye alikuwa akiyaita uzee. Wakati huohuo kwenye rafu yake ilikaa ripoti yenye jina lake mwenyewe, na ndani yake ukurasa mzima unaeleza jinsi sumu hiyo inavyomuunguza mtu kwa ndani, polepole, na kwamba hakuna dawa ya kuitoa.

"Baba, vaa viatu," alisema. "Twende hospitali."

"Nani anaumwa?"

"Nisindikize tu."

"Unaumwa wewe? Mbona umekuwa mweupe hivyo?" Mzee akaanza kutafuta viatu vyake kwa haraka, akipapasa chini ya meza. "Keti kidogo. Keti, nakuja."

Daktari hakuketi. Alikuwa anapiga hesabu, na kila alipoipiga ilimletea jibu lile lile. Hospitalini watauliza: mzee amekunywa nini? Atawaambia. Watauliza: dawa hiyo iliingiaje humo? Na mzee atakuwa amekaa pale pale kitandani, anasikia. Akitaka baba atibiwe, sharti baba ajue. Na akijua, atabaki na nini cha kumfanya apone?

Hapo ndipo honi ilipolia getini.

Alitoka mbio hadi uani. Gari jeupe lilikuwa limeshaingia, na nyuma yake jingine lenye askari wawili. Mwanamke aliyevaa miwani alishuka na faili mkononi, akatazama ghala, akatazama bomba la moshi la mtambo, akamtazama yeye.

Jumatatu ya Mizani ilikuwa imefika siku ya Alhamisi.

"Mkaguzi wa vyakula na vinywaji," yule mwanamke alisema. "Wewe ndiye mwenye kiwanda?"

"Ni mimi."

"Taarifa kutoka maabara imetufikia saa moja iliyopita. Imeshatoka nje hata chupa moja?"

"Hapana. Hata moja."

"Nashukuru." Na kweli alionekana kushukuru. "Tutafunga ghala sasa hivi, na kinywaji chote kitateketezwa. Wewe tutakuhoji baadaye. Ninayemtaka kwanza ni aliyetengeneza mapipa."

Askari mmoja alikuwa ameshaanza kufunga mnyororo kwenye mlango wa ghala. Daktari aliusikia ukipita kwenye vishikio.

"Kutumia dawa ile ni kosa la jinai," mkaguzi akaendelea. "Kuitumia kwenye chombo cha kinywaji ni kifungo. Wala si kifupi. Nani alitengeneza mapipa?"

Miaka kumi na moja Daktari aliwalaani watu waliosema uongo mbele ya wakaguzi. Alikuwa na orodha yao. Sasa ulimi wake haukusita hata kidogo.

"Niliyanunua," alisema. "Kwa mtu tu, mpita njia. Simjui."

"Humjui?"

"Simjui kabisa."

"Mimi hunijui?"

Daktari aligeuka. Mzee Randa alikuwa amesimama mlangoni kwa karakana, kiatu kimoja kimefungwa kamba, kingine bado. Alikuwa amesikia neno la mwisho, na neno hilo lilikuwa limemwingia mahali ambapo wiski ya pipa la nne ilikuwa haijafika.

"Baba, rudi ndani."

"Hunijui mimi, mwanangu? Kwa sababu ya yule bwana wa asubuhi, sasa unanionea aibu?"

"Baba, nakuomba. Rudi ndani!"

Lakini mzee alikuwa ameshaona faili, ameshaona magari mawili, ameshaona wageni wenye heshima zao waliokuja kumuulizia fundi wa mapipa. Akajipangusa maranda mabegani. Akajinyoosha. Akapita mbele ya mwanawe bila kumtazama.

"Mama, huyu amechoka, msamehe," alimwambia mkaguzi. "Mapipa haya nimeyatengeneza mimi. Yote kumi na sita, peke yangu. Na kama ni mchwa mnaowahofia, ondoeni shaka kabisa. Dawa niliipaka mwenyewe."

Mkaguzi alimtazama Daktari. Akamtazama mzee. Kisha akafungua faili juu ya boneti ya gari, akatafuta ukurasa mtupu.

"Keti hapa, mzee wangu," alisema kwa upole. "Uliipaka mara ngapi?"